Padi za ngoma kwenye saundi kadi: waya upi uende wapi

Maswali ni yaleyale. Kijana wa kwaya kutoka Mwanga anauliza, wa kaswida Ujiji anauliza, mwenye studio ya chumbani Gungu, hapahapa Kigoma, naye anauliza: "Nimechomeka padi kwenye kompyuta, taa inawaka, nikipiga naona mstari unacheza, ila sauti hakuna." Au kinyume chake: sauti ipo, lakini akitaka kubadilisha kiki baada ya kurekodi anakuta haiwezekani. Nimeyajibu kwa simu mpaka nimechoka, kwa hiyo nayaandika hapa mara moja. Ukikwama, rudi kwenye hatua uliyoruka.

Ninaposema saundi kadi nina maana ya kile kisanduku cha nje chenye matundu ya maiki na jeki. Ile iliyomo ndani ya kompyuta haituhusu.

KABLA YA KUGUSA WAYA

Padi inatoa vitu viwili tofauti, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kitu cha kwanza ni sauti yenyewe, ile unayoisikia kwenye hedifoni ya padi. Hiyo inatoka kwenye matundu ya jeki yaliyoandikwa OUTPUT. Kitu cha pili ni MIDI, ambayo haina sauti hata kidogo. MIDI ni kama karatasi ya solfa: inasema piga hii, kwa nguvu hii, wakati huu, lakini karatasi haiimbi. Lazima kuwe na mwimbaji, na kwenye kompyuta mwimbaji huyo ni programu ya ngoma.

Kwa hiyo jiulize kwanza unataka nini. Kama padi yako ina sauti ambazo kwaya imezizoea na unataka zirekodiwe zilivyo, fuata njia ya sauti. Kama unataka uhuru wa kubadilisha kiki na sneya baadaye, au kurekebisha mpigo uliotoka nje ya mwendo, fuata njia ya MIDI. Ukiniuliza mimi, rekodi zote mbili kwa pamoja. Haziingiliani, na siku prodyuza akisema hiyo sneya haipendi, hutalazimika kumwita mpigaji arudi.

Kuna kundi la tatu. Hawa wamenunua padi moja tupu ya mpira, haina skrini wala vitufe, ina tundu moja la jeki tu. Ndani yake mna kihisi kinachozalisha umeme kidogo kinapogongwa. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye saundi kadi utasikia "tak" kavu isiyofanana na ngoma yoyote, na mpigo mkali unaweza kurusha umeme mwingi kuliko tundu hilo linavyotegemea. Padi ya aina hii inahitaji moduli yake kwanza, yaani kisanduku kinachogeuza umeme huo kuwa sauti ya ngoma na MIDI. Kama huna moduli, ishia hapa, tafuta moduli, kisha urudi.

MAHITAJI

- Padi yenye moduli ndani, mfano Roland SPD-30 au SPD-SX, au Yamaha DTX-MULTI 12. Au seti ya ngoma za kielektroniki pamoja na moduli yake.
- Adapta yake halisi. Kama imepotea, soma maandishi ya chini ya padi kabla ya kununua nyingine. Roland nyingi zinatumia volti 9 na hasi ikiwa katikati ya kichwa, wakati adapta nyingi za madukani zina chanya katikati. Kichwa kuingia vizuri si ushahidi kwamba adapta inafaa.
- Saundi kadi yenye njia mbili za kuingizia sauti. Kama padi yako ni ya zamani isiyo na USB, kama SPD-20, hakikisha saundi kadi ina matundu ya MIDI ya mviringo yenye pini 5. Focusrite Scarlett 2i2 haina, 4i4 inayo. Behringer UMC22 haina, UMC204HD inayo.
- Waya mbili za jeki kubwa (6.35 mm), za mono. Waya wa gitaa unafaa kabisa.
- Waya wa USB wenye kichwa cha mraba, ule wa printa, kama padi ina tundu hilo.
- Hedifoni ya waya. Ya Bluetooth weka pembeni, inachelewesha sauti kiasi ambacho hakuna mpigaji anayeweza kuvumilia.
- Programu ya kurekodia. Mimi huwaanzishia watu na REAPER kwa sababu ni nyepesi, inakwenda hata kwenye kompyuta ya zamani, na unaijaribu siku 60 ikiwa kamili. FL Studio au Cubase kama unayo tayari inatosha, usihame.
- Programu ya ngoma kwa ajili ya MIDI. MT Power Drum Kit 2 ni ya bure na inatosha kuanzia.
- Ekstensheni moja nzuri itakayobeba vifaa vyote.

Kagua orodha hii ukiwa na padi mezani, si kwa kukumbuka. Ukikosea waya na unaagiza Kariakoo, utasubiri mzigo uje na basi, na siku ya kurekodi itapita ukiwa umekaa.

NJIA YA SAUTI

1. Shusha sauti ya spika, ya padi na ya saundi kadi mpaka mwisho. Ngoma ina mshtuko mkali, na kichwa cha jeki kikiingia wakati spika iko juu unaweza kuunguza twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, kwa sekunde moja.

2. Kama unatumia Windows, weka draiva ya saundi kadi kabla ya kuichomeka. Ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji, ile inayotaja ASIO, aina ya draiva inayopunguza ucheleweshaji wa sauti. Kama kifaa chako hakina draiva yake, weka ASIO4ALL. Kisha chomeka saundi kadi kwenye tundu la kompyuta moja kwa moja. Vile vigawanyio vya USB vya bei ndogo visivyo na umeme wake ni chanzo cha nusu ya malalamiko ninayoletewa.

3. Toa waya kwenye OUTPUT L/MONO ya padi, peleka tundu la 1 la saundi kadi. Toa mwingine kwenye OUTPUT R, peleka tundu la 2. Kama matundu ni yale makubwa yanayopokea maiki na jeki, jeki inaingia katikati. Ukiwa na waya mmoja tu, tumia L/MONO. Padi itachanganya pande zote mbili yenyewe.

4. Angalia swichi. Iliyoandikwa INST au Hi-Z iwe imezimwa, tunataka LINE. Kitufe cha 48V nacho kizimwe, hicho ni cha maiki za kondensa.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna kosa linalowasumbua watu siku nzima. Mtu hana waya mbili, ila ana waya mmoja wa jeki ya stirio, ile yenye mistari miwili myeusi kichwani. Anautoa PHONES ya padi na kuuingiza tundu la 1. Anapiga: matoazi yanasikika kwa mbali, mwangwi upo, lakini kiki na sneya zimetoweka. Anaanza kuilaumu padi. Padi haina kosa. Tundu hilo la saundi kadi linachukua tofauti kati ya pande mbili za waya, na kitu kilichopo sawasawa kushoto na kulia, kama kiki, kinajifuta chenyewe. Tumia OUTPUT na waya za mono. Kama ni lazima utoe PHONES, tafuta waya wa kugawa, stirio moja kwenda mono mbili, na kila kichwa kiingie tundu lake.

5. Weka sauti ya padi kwenye robo tatu. Acha gaini ya saundi kadi, yaani kinobu cha kupandisha sauti inayoingia, chini kabisa, halafu mwambie mpigaji apige kwa nguvu ileile atakayotumia pambio likipamba moto. Sisitiza hilo. Wapigaji wakiambiwa "jaribu" wanagusa padi kwa adabu, na wimbo ukianza wanaiteketeza. Pandisha gaini polepole mpaka mipigo mikubwa ifike kati ya -12 na -6 dB kwenye mita ya programu. Taa nyekundu isiwake kabisa. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hakuna wa kuishona, ila iliyorekodiwa chini kidogo unaipandisha baadaye bila hasara yoyote.

6. Fungua programu ya kurekodia, nenda sehemu ya mipangilio ya sauti, chagua ASIO na jina la saundi kadi yako. Kwenye sample rate (sampuli za sauti kwa sekunde) chagua 44,100 au 48,000 na ubaki na hiyohiyo kwa wimbo wote. Bafa anza na 128.

Bafa ndiyo inayoamua sauti itachelewa kiasi gani. Kwa 44,100, bafa ya 128 ni kama milisekunde 2.9, ya 256 ni 5.8, ya 512 ni 11.6, na ya 1,024 inafika 23. Hiyo ni kwa kila upande, kuingia na kutoka, na draiva inaongeza kidogo ya kwake. Mpigaji mzuri ataanza kulalamika ukifika 512. Kwa 1,024 atakuambia fimbo zimekuwa nzito.

7. Fungua treki moja ya stirio inayopokea tundu la 1 na la 2, iwashe kwa kurekodi, rekodi sekunde chache, sikiliza. Kiki iwe katikati. Kama imeegemea upande mmoja, waya mmoja haujaingia vizuri au gaini mbili hazilingani.

8. Amua mpigaji ajisikie kupitia wapi. Saundi kadi nyingi zina kitufe au kinobu cha DIRECT au MONITOR kinachompelekea sauti papo hapo bila kupita kwenye kompyuta. Kwa njia ya sauti tumia hicho, na uzime usikilizaji ndani ya programu. Ukiacha vyote viwili, kila mpigo utasikika mara mbili, wa pili ukimfuata wa kwanza nyuma.

NJIA YA MIDI

9. Unganisha padi na kompyuta kwa ule waya wa printa. Kumbuka: MIDI ya USB inaingia kwenye kompyuta, haipiti kwenye saundi kadi. Kama padi ina tundu la mviringo tu, basi waya unatoka MIDI OUT ya padi na kuingia MIDI IN ya saundi kadi. OUT kwenda IN. Mtu akichomeka OUT kwa OUT hakuna kitakachoungua, lakini hakuna kitakachotokea pia.

10. Angalia mpangilio wa USB ndani ya padi. Kwenye SPD-SX kuna USB MODE yenye chaguo mbili: WAVE MGR ni ya kuhamisha mafaili, AUDIO/MIDI ndiyo tunayoitaka. Padi nyingine zinahitaji draiva kutoka kwa mtengenezaji, nyingine zinatambulika zenyewe. Na uwe macho: padi inayopitisha pia sauti kwa USB huonekana kwenye Windows kama saundi kadi nyingine, na mara nyingine Windows inaamua kuitumia hiyo kutolea sauti zote. Ukiona muziki umehama ghafla, rudisha chaguo kwenye saundi kadi yako.

11. Kwenye REAPER nenda kwenye mipangilio, sehemu ya MIDI, tafuta jina la padi na uiruhusu kuingiza. Fungua treki mpya, chagua ipokee MIDI kutoka kwenye padi, chaneli zote. Iwashe kwa kurekodi na uwashe usikilizaji. Piga padi. Mita ikicheza, ujumbe umefika. Usitegemee sauti bado.

12. Weka programu ya ngoma kwenye treki hiyo. Sasa sauti itatoka, na karibu kila mara itatoka vioja: unapiga sneya inalia toazi, unapiga kiki inalia tamtam. Hii si hitilafu. Kila padi inatuma namba, na programu ina mpango wake wa namba. Mpango unaofuatwa sana ni huu: kiki 36, sneya 38, hai-hati iliyofungwa 42, iliyofunguliwa 46, krashi 49, raidi 51. Ingia kwenye mipangilio ya padi, badilisha namba za kila padi zifuate hizo, na chaneli iwe 10. Kuna wanaobadilisha upande wa programu. Mimi nashauri ubadilishe kwenye padi, kwenye seti moja (kit, mpangilio uliohifadhiwa ndani ya padi) unayoitenga kwa kurekodi tu, kwa sababu programu utabadilisha kila mara, padi ni ileile.

Seti unazopigia kanisani usiziguse. Mpigaji akikuta Jumapili asubuhi kiki imehamia kwingine, utamweleza nini?

Programu hizi zimejaa ngoma za roki na jazi. Ukitaka mdundo wa ngoma za Waha, hautaukuta humo. Rekodi ngoma yenyewe kwa maiki, mpigo mmojammoja, wa taratibu na wa nguvu, katikati ya ngozi na pembeni, kata vipande, hifadhi kama WAV ya biti 16 na 44,100, halafu viingize kwenye padi inayokubali sauti zako, kama SPD-SX. Kazi hii inachukua jioni nzima na inalipa. Ukishafanya hivyo, hizo sauti zinatoka kwa njia ya sauti, kwa hiyo rudi hatua ya 3.

13. Pima nguvu za mipigo. MIDI inahesabu kutoka 1 mpaka 127. Piga taratibu, piga wastani, piga kwa nguvu, kisha fungua ulichorekodi na utazame namba. Kama zote ni 127, padi ina hisia kali mno: punguza sensitiviti. Kama mipigo ya taratibu haionekani kabisa, shusha threshodi, yaani nguvu ya chini kabisa ambayo padi inaihesabu kuwa mpigo. Usiruke hatua hii. Ngoma zinazosikika kama mashine mara nyingi zilipigwa na mtu halisi kabisa, ila padi haikupimwa.

14. Sasa washa treki zote mbili, ya sauti na ya MIDI, na urekodi kwa pamoja. Wakati wa kurekodi mpe mpigaji asikilize sauti ya padi kupitia DIRECT, na unyamazishe programu ya ngoma. Utaisikiliza baadaye.

IKIGOMA

Mita inacheza, sauti hakuna. Kama ni treki ya MIDI, huna programu ya ngoma juu yake, au namba zinazotumwa hazina sauti kwenye programu hiyo. Kama ni treki ya sauti, programu inatolea sauti kifaa kingine.

Sauti inachelewa. Umetumia draiva ya kawaida ya Windows badala ya ASIO, au bafa iko juu. Angalia pia kama kuna plugin nzito za kusafisha sauti kwenye treki kuu. Ziondoe mpaka umalize kurekodi.

Sauti inakatikakatika. Bafa iko chini mno kwa kompyuta yako. Panda 256. Zima Wi-Fi, funga kivinjari, na kama kompyuta iko kwenye hali ya kubana betri, itoe huko.

Kuna mvumo usiokoma. Chomoa chaja ya kompyuta usikilize. Mvumo ukiisha, tatizo ni mzunguko wa ardhi, yaani vifaa vimeunganishwa na ardhi kwa njia zaidi ya moja. Chomeka padi, chaja na spika kwenye ekstensheni moja, tundu moja la ukutani. Mvumo usipoisha, weka kisanduku cha DI (kinachogeuza jeki kuwa waya wa maiki na kuweza kukata ardhi) kati ya padi na saundi kadi na ubonyeze swichi ya kukata ardhi. DI inatoka kwa waya wa maiki, kwa hiyo gaini ipange upya. Kuna mafundi wanaovunja pini ya ardhi kwenye plagi ili mvumo uishe. Unaisha kweli, na siku chaja itakapovujisha umeme, utapita mwilini mwa mpigaji. Usifanye hivyo.

Mpigo mmoja, sauti mbili. Rudi hatua ya 8 kwanza. Kama DIRECT imezimwa na bado, tazama MIDI: ukikuta namba mbili zimekaribiana sana kwa kila mpigo, padi inadunda yenyewe. Ongeza kipimo kinachoitwa MASK TIME au RETRIGGER, kidogokidogo. Ukizidisha, itaanza kumeza mipigo ya haraka.

Unapiga padi moja, ya jirani nayo inalia. Ongeza CROSSTALK kwenye padi inayolia bila kupigwa. Lakini kwanza chungulia stendi imekaa wapi. Jukwaa la mbao lenye spika ya besi juu yake linatikisika, na mtikisiko huo unatosha kuamsha padi hata mpigaji akiwa amekunja mikono. Shusha stendi sakafuni au weka kipande cha godoro chini ya miguu yake.

Kompyuta haiioni padi. Badilisha waya kwanza, kisha tundu. Kama ilionekana jana na leo haipo, funga programu nyingine zinazotumia MIDI: kwenye Windows programu moja ikishika mlango, nyingine inaweza kukuta umefungwa. Zima padi, iwashe, ndipo ufungue programu ya kurekodia upya.

Umeme umekatika katikati ya kazi. Kompyuta itabaki hai kwa betri, padi itazima, na ulichobadilisha kwenye padi bila kuhifadhi kinaweza kuwa kimepotea. Ukirudi, padi itafunguka kwenye seti nyingine na saundi kadi inaweza kuwa imepoteza mawasiliano na programu. Funga programu, chomoa saundi kadi na kuichomeka tena, rudisha padi kwenye seti yako ya kurekodi, piga kiki na sneya mara chache uone namba ni 36 na 38, ndipo uendelee na wimbo.